Tego la Kabiro

Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana niliowaacha zahanati wameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nimekubali kwa masharti mawili. La kwanza, sitaandika juu ya vyeo. Waliopandishwa wanajijua, na waliorukwa wanajijua zaidi. La pili, nitaandika hasa pale nilipokosea. Nikiandika nilipopatia mtanisifu tu, na mtu akinisifu huwa naanza kujiuliza anataka nini.

Mnajua tabia yangu hiyo. Mama yangu alizoea kusema kwamba hata titi nililitazama kwanza kabla ya kunyonya. Katika kazi ya klinikal ofisa, yule tabibu ambaye wagonjwa humwita daktari, tabia ya kushuku ni msaada mkubwa. Mgonjwa anayesema alikunywa chupa moja alikunywa nne. Anayesema dawa zake zilianguka chooni amempa jirani. Anayesema maumivu yameanza leo asubuhi amezunguka kwa waganga wawili na duka la dawa moja kabla ya kukufikia. Kwa miaka mingi shaka yangu ilinisaidia kuokoa watu. Leo naandika juu ya mara moja ambayo karibu iue mtu, na ilivunja karibu kila kitu cha mtu mwingine.

Nilianzia Kibera, upande wa Sarang'ombe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika zahanati ya vyumba vinne vya mabati. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe jipya, limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Mama mmoja kwenye foleni alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama ni mimi nimetumwa kutengeneza friji ya chanjo. Nilimwambia mimi ndiye daktari. Akasema sawa, lakini friji pia ni mbovu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa daktari. Alikuwa Sista Damaris, muuguzi wa chumba cha vidonda, mwanamke mnene wa makamo kutoka Vihiga. Alifunga vidonda huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, na akikutana na kitu asichokipenda alinyamaza. Nilijifunza kuuogopa ule ukimya kuliko kelele za wagonjwa.

Siku moja alikuja mzee wa Kinubi, mwenye nyumba za kupangisha, akasema ana kijipu pajani. Mimi nilikuwa tayari nimeshika kalamu kumwandikia vidonge. Sista Damaris alikuwa anapita na beseni, akamwona namna alivyokaa benchini, kwa tako moja, mkono umeshikilia ukingo. Akanyamaza.

"Kijana," akaniambia kando, "paja ya mtu inaanzia wapi?"

Nikasema kwenye nyonga.

"Kwa hawa wazee inaanzia mahali popote chini ya mshipi. Mtoe suruali."

Kijipu kilikuwa nyuma ya korodani. Ngozi ilikuwa nyekundu tu, haikutisha, lakini alipobonyeza mbali na kile kijipu, mahali ambapo macho hayakuona kitu, mzee aliruka. Hilo likaririni: maumivu yakiwa makubwa kuliko kinachoonekana, yaamini maumivu. Sista akachomoa biro mfukoni, akachora mstari kuzunguka wekundu, akaandika saa pembeni ya mstari, pale pale kwenye ngozi. Tukahudumia wagonjwa wengine watano. Tuliporudi, wekundu ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa kidole.

"Hiyo si jipu," akasema. "Hiyo ni moto kwa nyasi kavu. Juu unaona moshi kidogo, na chini inatembea."

Mzee alipelekwa hospitali kuu siku hiyo hiyo, akakatwa nyama iliyooza, akapona. Mkewe alituletea gurusa, ile mikate myembamba ya Wanubi, sahani nzima. Mimi nilikula nyingi kuliko mchango wangu.

Basi ugonjwa ndio huo. Viini huingia kwa mkwaruzo, au jipu, au kidonda kidogo karibu na sehemu za siri au njia ya haja, halafu huozesha nyama chini ya ngozi, na kwa siku mbili tatu huweza kupanda mpaka tumboni. Ngozi hubadilika ikawa ya zambarau, kisha nyeusi. Ukibonyeza unasikia kitu kikivunjikavunjika chini ya vidole kama maganda makavu ya kitunguu. Harufu yake hutaisahau. Vidonge peke yake havifui dafu. Huo unataka kisu, na unataka kisu leo. Hupenda watu wenye kisukari, hasa wasiojua kwamba wanacho. Na si ugonjwa wa zinaa. Hilo la mwisho liandikeni ukutani, kwa sababu mimi niliyelijua nililisahau.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kawangware, zahanati ya Kabiro. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, ukimwi umeenea, na kila mtu alimshuku mwenzake. Mtu akikonda, majirani walihesabu safari zake. Akinenepa, walisema anajificha kwa dawa. Sisi wa afya tulikuwa tumepelekwa mafunzo ya wiki nzima ya magonjwa ya zinaa, tukarudi na cheti, shibe ya kuku, na kitabu cha karatasi za mwenzi. Hizo zilikuwa karatasi ndogo za pinki. Ukimtibu mtu kisonono au kaswende, unamkatia moja, unaipiga muhuri, naye anampelekea aliyelala naye ili aje atibiwe. Wazo zuri. Walioligundua nafikiri hawakuwahi kuishi kwenye ploti ya vyumba kumi na sita vyenye bomba moja la maji.

Asubuhi moja alikuja Wafula, fundi wa vitanda aliyekuwa na kibanda chake karibu na barabara. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisema amevimba huko chini tangu jana. Alipokuwa akingoja alikunywa maji kwenye jagi la kumezea dawa mara tatu, mpaka nesi akalalamika. Nilisikia malalamiko hayo kwa masikio yangu mawili na hayakunipeleka popote.

Nilimwambia avue, nikatazama kwa muda wa kufumba na kufumbua. Upande mmoja wa korodani ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu. Usaha wa kisonono haukuwepo. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini haupo. Mimi nikaamua ameukamua kabla ya kuja.

"Mara ya mwisho umetembea nje lini?" nilimwuliza. Mafunzoni walituambia tusiulize kama, tuulize lini.

"Sijatembea, daktari."

"Wote husema hivyo."

Alinitazama kidogo, kisha akashughulika na vifungo vya suruali. "Basi andika ile umeamua," akasema.

Nikaandika. Sikubonyeza, sikuchora mstari, sikupima mkojo, ingawa taa ya spiriti na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari zilikuwa juu ya rafu, hatua mbili kutoka kiti changu. Nilimdunga sindano, nikampa vidonge, nikakata karatasi ya pinki, nikaipiga muhuri kwa nguvu. Kadiri mtu alivyokataa ndivyo nilivyoona nimempata.

Siku mbili baadaye, hata hatujafungua dirisha la kadi, mkewe alisimama mbele ya meza yangu. Mama Nekesa alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na siku hiyo aliifanya ndogo zaidi. Aliweka karatasi ya pinki mezani, imekunjwa mara nne na kulowa sabuni.

"Nimekuja kutibiwa ugonjwa ya Mama Toni," akasema.

Nilimwuliza Mama Toni ni nani, na hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Wafula hakumpa karatasi. Aliificha mfukoni, mkewe akaikuta alipokuwa anafua. Mama Nekesa alisoma mpaka darasa la saba na muhuri aliujua. Alimwita shemeji yake, Barasa, kaka mkubwa wa Wafula. Wakati huo Wafula alikuwa hawezi kuinuka kitandani na chumba kimeanza kunuka. Barasa aliinua shuka, akatazama, akairudisha, akasema hili ni tego.

Kwa ambaye halijui, tego ni dawa ambayo husemwa mume humtegea mkewe kwa siri. Mwanamume mwingine akimgusa, huoza kiungo alichokosea nacho. Hakuna wa kumtegua ila mume mwenyewe, na hawezi kuitwa mpaka mgonjwa amtaje mwanamke. Basi walimkalia Wafula siku nzima: taja. Alikataa. Walimwonyesha karatasi: hata serikali inajua, taja. Jioni, homa ikiwa imempanda kichwani, akamtaja Mama Toni, aliyekaanga chapati langoni mwa ploti hiyo hiyo.

Kwa nini yeye, Wafula aliniambia mwenyewe baadaye wodini. Mume wa Mama Toni, Mutua, alikuwa Mkamba, na watu wa Nairobi humpa kila Mkamba uganga siku anayozaliwa, hata akiwa shemasi. Alijua akitaja mke wa mtu mwingine yeyote wangemwambia anadanganya, maana huyo mume angetoa wapi tego? "Nilitaka tu waniache," alisema. "Nilikuwa nasikia uchungu."

Nilifunga mkoba, nikamwambia nesi ashike foleni, nikamfuata Mama Nekesa mpaka kwenye ploti. Tulipita langoni penye jiko la Mama Toni. Halikuwa limewashwa. Mlango wake ulikuwa umefungwa na watoto wawili walikuwa wamekaa nje kama waliotumwa kulinda.

Ndani kwa Wafula kulikuwa na Barasa na wazee wawili wa kwao, wamekaa, na harufu ile. Sikuhitaji kuinua shuka, lakini niliinua. Kulikuwa na doa jeusi kubwa kuliko kiganja, kando yake zambarau, kando yake wekundu uliokuwa umefika kwenye kinena. Nilibonyeza, maganda ya kitunguu yakavunjika chini ya vidole vyangu. Nilitoa biro nikachora mstari, nikaandika saa pembeni. Karibu na kitanda kulikuwa na mtungi wa lita tano, na nilipouliza, Mama Nekesa akasema mumewe huumaliza kila siku, miezi sasa, na huamka kwenda chooni mpaka majirani wanauliza. Barasa akasema ndiyo, hata hiyo ni tego, lilianza pole pole.

Niliwaeleza kwamba ni sukari, na kwamba nyama inaoza na lazima ikatwe leo. Niliwaambia nilikosea. Barasa alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza ni sukari gani inachagua mahali pa kuozea. Lakini aliyenishinda hakuwa Barasa. Alikuwa Wafula. Alinishika mkono, kiganja chake kikichoma.

"Tego ikiguswa na kisu kabla haijateguliwa, mtu anakufa," akasema. "Wacha Mutua akuje kwanza."

"Wewe si ulisema hujatembea?"

"Sijui tena, daktari."

Hilo liliniumiza kuliko harufu. Walikuwa wamemwuliza, na mimi wa kwanza, mpaka akaanza kujishuku mwenyewe.

Nilimwekea maji kwenye mshipa na kumdunga dawa zote tatu nilizokuja nazo. Nikatoka nje, nikasimama langoni. Mutua alikuwa soja, mlinzi wa usiku kwenye nyumba ya tajiri mtaa wa Lavington, na zamu yake iliisha asubuhi. Nilipomwona anakuja na koti lake refu na rungu kwapani, nilimwendea kabla Barasa hajamfikia, nikamvuta kando ya bomba, nikamweleza yote bila kupamba. Nikamwambia mkewe ametajwa kwa sababu ya homa na kwa sababu ya kabila lake yeye. Nikamwambia kosa ni langu.

Alikuwa mtu mdogo wa mwili, na koti lilimfanya aonekane kama amevalishwa na mtu mwingine.

"Mimi sina dawa yoyote," akasema. "Mimi hata mende sijawahi wekea dawa."

Nikamwambia najua. Nikamwambia Wafula hatakubali kwenda hospitali mpaka aseme amemtegua, na saa sita mchana huenda akawa amekufa.

"Kwa hivyo unataka nisimame mbele ya watu niseme bibi yangu alilala na yeye."

Nilitafuta namna nyingine ya kuliita jambo hilo, nikakosa. Nikasema ndiyo.

Hapo mkewe alikuwa nyuma ya mlango, hatua kumi kutoka tulipokuwa. Sikwenda kumbishia hodi. Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile, kwamba dakika zilikuwa chache, kwamba angekataa. Zote ni za kweli na hakuna hata moja inayonitosha.

Mutua aliingia. Wazee wakasimama. Alitazama kitandani, akaziba pua, akaachia. Ilikuwa wazi hajui mtu anayetegua hufanya nini, na kila mtu alikuwa anamtazama mikono. Mwishowe akapiga goti moja sakafuni, akafungua kamba ya buti lake la kazi, pole pole, tundu baada ya tundu, mpaka ikatoka yote. Akaiweka juu ya kifua cha Wafula.

"Nimekufungua," akasema. "Enda hospitali."

Wafula alianza kulia. Alisema asante, na Mutua akatoka na buti moja likimlegea, hakumwangalia mtu. Mlango wa mkewe ulikuwa wazi sasa. Mama Toni alikuwa amesimama hapo, na alikuwa amesikia.

Tulimbeba Wafula juu ya kitanda ambacho hakijapigwa vanishi, kazi ya mteja fulani, mpaka kwenye pikapu ya mwenye ploti. Nilipotazama mstari wangu wa biro, ugonjwa ulikuwa umeuvuka kwa vidole viwili. Hospitalini walimkata siku hiyo, wakamkata tena kesho yake, na mara ya tatu. Sukari yake ilikuwa juu sana. Alilala wodini zaidi ya miezi miwili, wakambandika ngozi ya paja, na alitoka akitembea miguu imeachana, lakini akitembea. Alijifunza kujidunga insulini. Nasikia yule mteja alikichukua kitanda chake, akalalamika kina doa.

Mngependa niishie hapo, na kama ningekuwa mtu wa kujipendelea ningeishia. Lakini kwenye ploti sasa tego lilikuwa limethibitishwa: mwenye mke mwenyewe alilitegua, na mgonjwa akapona. Wanawake waliacha kununua chapati kwa Mama Toni kwa hasira. Wanaume waliacha kwa woga. Hata yule aliyetuma mtoto alimwambia asimguse mkono anapopokea. Na Mutua, aliyejua kwamba alisema uongo, alianza kusikia maneno yake mwenyewe. Aliacha kula chakula cha mkewe. Alirudi asubuhi akiwa amekula mandazi njiani, akalala, akaamka, akaenda kazini na njaa.

Hayo niliyapata kwa Mama Toni. Alikuja zahanati na mtoto mwenye kikohozi, na nilipomaliza na mtoto hakuinuka.

"Daktari, wewe ulileta karatasi," akasema. "Wafula akaleta jina yangu. Bwana yangu akafungua kiatu. Kila mtu alifanya yake, na mimi hakuna mtu aliniuliza kitu."

Nilimwambia nitakuja kuwaeleza watu. Jumapili nilikwenda, wapangaji wakiwa nyumbani, nikasimama karibu na bomba, nikasema mbele ya wote kwamba Wafula alikuwa na sukari, kwamba karatasi niliitoa kimakosa, kwamba Mama Toni hana hatia. Nilizungumza vizuri. Nilipomaliza, Barasa aliinua mkono kama mtu aliye kwenye baraza la chifu.

"Tumeshukuru daktari," akasema. "Sasa tuambie, na wewe Mama Toni umemjua kutoka lini?"

Watu walicheka, si kwa ubaya sana. Wiki ile ile habari zilikuwa zimefika mpaka zahanati kwangu kwamba daktari anakula chapati kwa Mama Toni. Mimi niliyewashuku watu maisha yangu yote sikuwa nimewahi kushukiwa kwa kitu ambacho sikukifanya, na nawaambia, hakuna pa kusimama. Ukikataa unaongeza. Ukinyamaza umekubali. Mama Toni alimtuma mtoto aniambie nisirudi tena kumsaidia.

Wodini nilimwuliza Wafula mara moja tu, tukiwa wawili, kama kuna kitu chochote kati yake na yule mama. Akasema hakuna, hajawahi hata kumwita kwa jina. Nilimwamini. Sawa, kwa sababu ni mimi, nilimtazama macho kwanza, kisha nikamwamini.

Mwezi wa tatu au wa nne baada ya siku ile ya kamba, Mutua alikuja kwenye foleni. Kadi yake ilisema anaumwa na kifua. Nilimsikiliza kifua mbele na nyuma, kilikuwa safi. Nilimpima mkojo, safi. Tangu siku ya Wafula nilikuwa napima mkojo wa kila mtu, hata waliokuja kuuliza saa. Alivaa shati, akabaki amekaa.

"Daktari, hiyo sukari ya Wafula," akasema. "Inaweza kushika mtu ametembea na bibi ya mwingine?"

Nataka mlione swali hilo sawasawa, kwa sababu siku moja mtaulizwa linalofanana nalo. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Ugonjwa ule hauna habari na ndoa ya mtu. Ungeweza kumshika Wafula akiwa mwaminifu na ungeweza kumshika akiwa mzinzi, na kwamba ulimshika hakuthibitishi chochote, wala hakumsafishi mtu. Nilikuwa nimeshawaeleza watu ukweli mara moja, kando ya bomba, na niliona ulivyofanya kazi.

"Haiwezi," nikasema. "Angetembea naye angekuja na ugonjwa mwingine kabisa. Hii haikai kwa mtu kama huyo."

Alinikazia macho. Nilitambua namna ile ya kutazama, kwa sababu ni yangu.

"Imeandikwa kwa kitabu?"

"Imeandikwa."

"Nionyeshe."

Niliinuka nikatoa rafuni kile kitabu kikubwa cha Kiingereza, nikakifungua mbele yake, nikaweka kidole kwenye mstari. Mutua hakujua kusoma Kiingereza. Aliinama juu ya ukurasa, akapeleka kidole chake polepole chini ya maneno mpaka mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akaupitia tena. Kisha akasema asante, akachukua kadi yake, akaenda. Nilikuwa nimefungua sura ya minyoo.

Wiki iliyofuata Mama Toni alipita dirishani. Hakuja kunishukuru, hakuwa na sababu ya kunishukuru, na sote wawili tulijua. Alisema tu kwamba jana Mutua alirudi kutoka kazini, akakaa, akaomba ugali, akala wote. Akataka kujua nilimwambia nini.

Nikamwambia hiyo ni siri ya mgonjwa.